Kidenmaki Hakikuiangusha Denmark Rotterdam

Usiku wa Alhamisi, tarehe 20 Mei 2021, ndani ya ukumbi wa Ahoy mjini Rotterdam, majina ya nchi kumi zilizovuka nusu fainali ya pili ya Shindano la Nyimbo la Eurovision yalitajwa moja baada ya jingine, na Denmark haikuwamo. Jesper Groth na Laurits Emanuel, vijana wawili wanaounda kundi la Fyr & Flamme, walikuwa wameimba "Øve os på hinanden", wimbo wa Kidenmaki tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Tangu mwaka 1997 Denmark haikuwa imepeleka wimbo wa namna hiyo kwenye jukwaa hilo. Fainali ilipokwisha Jumamosi na matokeo kamili kutolewa, ikajulikana kwamba walishika nafasi ya kumi na moja kwa pointi 89, yaani walikuwa wa kwanza miongoni mwa waliobaki nje. Maelezo yaliyotolewa kwa wepesi baada ya hapo ni kwamba waliponzwa na lugha, kwa kuwa Ulaya haielewi Kidenmaki na asiyeelewa hapigi kura. Nayaona maelezo hayo kuwa na makosa, na tena ni makosa yenye madhara, kwa sababu anayeyakubali atarudi kwenye Kiingereza akidhani ameponya ugonjwa ambao hakuwa nao. Wimbo ule ulikwama kwa sababu ulitegemea kumbukumbu ambayo msikilizaji wa nje hakuwa nayo, na kumbukumbu haitafsiriki hata maneno yakitafsiriwa yote.

Ili kuupima uamuzi wa Denmark, ni lazima kuikumbuka historia ya lugha katika shindano hili. Lilianza mwaka 1956 mjini Lugano, Uswisi, likiwa na nchi saba, na hapakuwa na kanuni juu ya lugha kwa sababu hakuna aliyeona haja yake. Kila nchi ilitarajiwa kuimba kwa lugha yake. Mwaka 1965 Uswidi ilipeleka wimbo wa Kiingereza, na mwaka uliofuata kanuni ikawekwa ya kuzifunga nchi kwenye lugha zao za taifa. Ililegezwa kati ya 1973 na 1976, kipindi ambacho ABBA walishinda kwa Kiingereza, kisha ikarudishwa mwaka 1977 na kudumu hadi 1998. Matokeo ya miaka yake ya mwisho yanaeleza kwa nini ilifutwa: mwaka 1992 nafasi tatu za juu zilichukuliwa na Ayalandi, Uingereza na Malta, yaani nchi tatu zilizoruhusiwa kuimba Kiingereza, na Ayalandi ikashinda tena 1993, 1994 na 1996 kabla Uingereza haijashinda 1997. Nchi nyingine zilikuwa na haki ya kusema kuwa mashindano hayakuwa sawa. Kuanzia 1999 kila nchi ikawa huru kuchagua, na nyingi zikakimbilia Kiingereza.

Denmark ilikuwa miongoni mwa waliokimbilia huko, ingawa historia yake yenyewe haikuilazimisha. Iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na kushika nafasi ya tatu. Mwaka 1963 mjini London, Grethe na Jørgen Ingmann waliimba kwa Kidenmaki wakaipatia nchi ushindi wake wa kwanza. Baada ya kukaa nje kuanzia 1967 hadi 1977, ikarudi, na katika miaka ya 1980 ikawa nchi ya kuheshimiwa: kundi la Hot Eyes lilishika nafasi ya nne mwaka 1984 na ya tatu mwaka 1988, na Birthe Kjær akashika ya tatu mwaka 1989, wote kwa Kidenmaki. Ni kweli kwamba wakati huo karibu kila mshindani alikuwa amefungwa kwenye lugha yake, hivyo hatuwezi kuyachukua matokeo hayo kama ushahidi wa moja kwa moja juu ya mashindano ya leo. Hata hivyo yanatosha kuiondoa hoja moja dhaifu ambayo nakutana nayo mara kwa mara, nayo ni kwamba Kidenmaki chenyewe hakiimbiki.

Wanaoitoa hoja hiyo husema kwamba Kidenmaki humeza konsonanti, hukata sauti kooni, na kina irabu nyingi ambazo sikio la mgeni halizitofautishi. Kuhusu mazungumzo ya kawaida wana haki. Hata Waswidi na Wanorwe, ambao husoma gazeti la Kidenmaki bila shida kubwa, hupata taabu kukifuata kikizungumzwa haraka. Lakini anayeimba hazungumzi. Wimbo hurefusha irabu na kupunguza kasi, na kile kikato cha kooni hulegea sauti inapovutwa juu ya noti. Watunzi wa miaka ya 1980 walilijua hilo vizuri, na ndiyo maana waliandika kama watu wanavyosema mitaani, wakiyakata maneno kwa alama za ritifaa hata kwenye majina ya nyimbo zao. "Ka' du se hva' jeg sa'" ni jina lililoandikwa kwa sikio, na silabi zake fupi ndizo zilizoufanya wimbo udunde na kufika nafasi ya tatu mjini Dublin mbele ya majaji ambao wengi wao hawakujua neno hata moja. Kuisema lugha kuwa mbaya kwa kuimbia ni kutoa hukumu ya ladha na kuivika joho la sayansi.

Hoja ya takwimu ina uzito zaidi. Kuanzia 1999 hadi 2019 ni washindi wawili tu walioimba bila Kiingereza kabisa, Marija Šerifović wa Serbia mwaka 2007 na Salvador Sobral wa Ureno mwaka 2017, na Jamala wa Ukraini akachanganya Kiingereza na Kitatari cha Krimea mwaka 2016. Denmark yenyewe imeshinda mara mbili katika kipindi hicho, mwaka 2000 na 2013, na mara zote kwa Kiingereza. Mtu akiziangalia namba hizi peke yake atasema kesi imekwisha. Ila namba za washindi hazina maana mpaka ziwekwe kando ya namba za walioshindwa. Ikiwa nyimbo nyingi zinazopelekwa ni za Kiingereza, basi ni jambo la kawaida kwamba washindi wengi ni wa Kiingereza, na ni jambo la kawaida vilevile kwamba walioachwa mkiani wengi ni wa Kiingereza. Kabla ya mwaka 2021 Denmark ilikuwa imekwama kwenye nusu fainali mara nne: 2004, 2007, 2015 na 2016. Nyimbo zote nne ziliimbwa kwa Kiingereza, na sikumbuki mtu yeyote aliyesimama baada ya hapo na kusema kuwa Kiingereza ndicho kilichoiangusha Denmark. Watu walisema wimbo haukuwa mzuri, au mwimbaji hakuwa katika hali nzuri, au upangaji wa jukwaa ulikuwa dhaifu. Kidenmaki hakijapewa haki hiyo ya kushindwa kwa sababu za kawaida.

Tena fainali yenyewe ya Rotterdam imeitoa hoja ya lugha mezani kwa namna ambayo sikuitarajia. Måneskin wa Italia walishinda kwa Kiitaliano, Barbara Pravi wa Ufaransa akawa wa pili kwa Kifaransa, na Gjon's Tears wa Uswisi akawa wa tatu, naye kwa Kifaransa. Uingereza, nchi ambayo haihitaji tafsiri yoyote, iliondoka bila hata pointi moja, si kutoka kwa majaji wala kutoka kwa watazamaji. Upande wa pili pia nao usijidanganye, kwa sababu Uhispania iliimba Kihispania, lugha yenye mamia ya mamilioni ya wasemaji, ikaambulia pointi sita. Wanaosema kwamba kuimba kwa lugha ya mama hulipa daima wanakosea sawasawa na wanaosema kwamba huua daima.

Jibu ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote ni hili: Kifaransa na Kiitaliano si Kidenmaki. Ni lugha kubwa, zina heshima ya karne nyingi katika muziki, na hata asiyezielewa amezizoea masikioni tangu utotoni. Mwaka 2021 Denmark ilikuwa na watu wasiofika milioni sita, na nje ya mipaka yake lugha yake husikika Visiwa vya Faroe, Greenland na kwa jamii ndogo iliyo kaskazini mwa Ujerumani. Nakubali kwamba tofauti hiyo ipo. Lakini usiku uleule wa Alhamisi ambao Denmark iliachwa, Albania ilivuka kwa Kialbania na Serbia ikavuka kwa Kiserbia, na lugha hizo mbili hazina umaarufu wa Kifaransa. Ukraini nayo, kupitia kundi la Go_A, iliimba Kiukraini ikashika nafasi ya tano kwa jumla na ya pili kwa kura za watazamaji. Udogo wa lugha, au ugeni wake, hauwezi kuwa kizuizi kwa mmoja na usiwe kizuizi kwa mwingine katika jukwaa moja na wiki moja.

Kisha kuna suala la nani aliyempa Denmark zile pointi 89. Sehemu kubwa ilitoka kwa watazamaji wa kawaida. Majaji, ambao ni watu wa muziki, walimpa kidogo sana. Hapa ndipo maelezo ya lugha yanapovunjika kabisa, kwa sababu kama ugeni wa maneno ungekuwa ndio tatizo, wa kwanza kuudhika angekuwa mtazamaji aliyekaa sebuleni na kusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza, na jaji aliyepewa muda wa kuusikiliza na kuusoma angekuwa mpole zaidi. Mambo yalikwenda kinyume. Pia Denmark haikuwa na bahati ya droo: Uswidi na Norwe, majirani wawili ambao wangeweza kuufuata wimbo bila msaada, walipangwa nusu fainali ya kwanza na hivyo hawakuwa na kura usiku ule. Walibaki Aislandi, ambako Kidenmaki hufundishwa shuleni, na Ufini yenye wachache wanaozungumza Kiswidi. Sidai kwamba kura za majirani zingetosha kuubadilisha mstari. Ninachosema ni kwamba wimbo huo ulikusanya kura za watu wasioujua, bila wale wanaoujua, na bado ukafika mlangoni.

Basi majaji walisikia nini? Nadhani walisikia wimbo wa zamani. "Øve os på hinanden" ulitengenezwa kwa makusudi uonekane umetoka miaka ya 1980, kwa vinanda vya umeme vya wakati ule na mdundo wa wakati ule, karibu na ule muziki mwepesi wa nyumbani ambao Wadenmaki huuita dansktop. Kwa Mdenmaki wa miaka arobaini, dakika tatu hizo zinafungua mlango: anawaona Hot Eyes, anamwona Birthe Kjær, anaiona televisheni ya wazazi wake Jumamosi usiku. Anajua vilevile kwamba vijana hawa wawili wanaipenda enzi hiyo kwa dhati, na furaha yake inazidi kwa sababu wimbo unamwambia kuwa mambo ya nyumbani hayakuwa ya aibu. Watazamaji wa Denmark waliuchagua mwezi Machi kwa sababu hiyo, na hawakukosea kwa upande wao. Jaji wa Tbilisi au Lisbon hana mlango huo. Mbele yake kuna mtindo uliopitwa na wakati, umefanywa kwa ustadi, na haoni kwa nini ameletewa mwaka 2021.

Barbara Pravi naye alirudi nyuma, tena mbali zaidi, hadi kwenye namna ya kuimba ya kumbi ndogo za Paris za katikati ya karne iliyopita. Tofauti ni kwamba zamani ya Paris ni mali ya Ulaya nzima. Mtu wa Helsinki au Athens ameipata kwenye filamu, kwenye redio na kwenye santuri za babu yake, kwa hiyo Pravi alipofumbua kinywa, ukumbi mzima ulijikumbuka. Zamani ya Denmark wanaijua Wadenmaki peke yao. Tukiutafsiri wimbo wa Fyr & Flamme kwa Kiingereza fasaha kabisa, tofauti hiyo inabaki ilivyokuwa, na tena tunapoteza kile kidogo kilichowaambia wageni kwamba hii ni zamani ya watu fulani na mahali fulani.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua jambo hili kwa maisha yetu. Nyumbani kwetu rumba ya Kilingala ilipigwa kila jioni, na shangazi yangu aliimba beti nzima bila kujua maana ya hata sentensi moja, wala hakuwahi kuuliza. Hakuhitaji. Bendi kutoka Kongo zilikuwa zimehamia Nairobi na Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, vijana walikuwa wamechumbiana na kuoana kwa magitaa yale, na sebene ilipoanza mwili ulikuwa umeshaelewa. Kilingala kilikuwa kigeni kwetu lakini kumbukumbu ilikuwa yetu. Mfano wa kinyume uko ndani ya Eurovision yenyewe. Mwaka 2011 mjini Düsseldorf, Norwe iliwakilishwa na Stella Mwangi, mzaliwa wa Kenya, kwa wimbo wenye beti za Kiingereza kuhusu wosia wa bibi na kiitikio cha Kiswahili: haba haba, hujaza kibaba. Ulikwama kwenye nusu fainali. Beti zote za Kiingereza, zilizoeleza waziwazi hadithi ya bibi na mjukuu, hazikuuvusha. Msomaji wa Kiswahili akiisikia methali ile anasikia sauti ya mtu mzima aliyemlea. Msikilizaji wa Ulaya alisikia silabi zinazopendeza, akageukia wimbo uliofuata. Kueleweka kwa maneno hakukutosha kumpa kile ambacho methali inampa mwenyewe.

Watakaotaka kurudi kwenye Kiingereza wataukumbusha mwaka 2000, nao ni mfano unaostahili kuangaliwa vizuri. Ndugu wawili wa Olsen walishinda mchujo wa Denmark kwa wimbo ambao jina lake la Kidenmaki, "Smuk som et stjerneskud", lina maana ya mzuri kama kimondo. Walipofika Stockholm waliuimba kwa Kiingereza, kimondo kikaondoka na mahali pake yakaja mabawa ya upendo, na wakashinda. Ni kweli. Miaka miwili baadaye Denmark ilifanya vilevile: wimbo ulioshinda nyumbani kwa Kidenmaki ukapelekwa Tallinn kwa Kiingereza, ukashika mkia, na Denmark ikaukosa mwaka 2003 wote kwa kushushwa. Njia ilikuwa moja, tafsiri ilikuwa moja, na matokeo yakawa kilele na shimo. Wimbo wa Olsen ulikuwa na lahani ambayo mtu aliweza kuiimba baada ya kiitikio cha kwanza na hisia ambayo haikumdai msikilizaji ajue chochote kabla. Ungeweza kuvuka kwa lugha yoyote, na nadhani ungevuka kwa yake pia.

Kwa DR, shirika la utangazaji la umma la Denmark, swali la kujiuliza kabla ya kila mchujo ni jingine kabisa: je, wimbo huu unaitegemea kumbukumbu, au unaijenga ndani ya dakika zake tatu? Go_A walichukua nyimbo za kale ambazo wanavijiji wa Ukraini huziimba kuukaribisha mchipuko wa majani, jambo ambalo hakuna mtu wa Madrid anayelijua. Hawakumdai msikilizaji alijue. Walianza polepole, wakaongeza kasi, wakaongeza tena, sauti kali ya mwimbaji na filimbi vikakimbizana, na mwisho wa wimbo mtazamaji alikuwa amepitia kitu chenyewe. Wimbo wa namna hiyo unaweza kuandikwa kwa Kidenmaki, na silabi fupi zilizokatwa za lugha hiyo, ambazo watu wanazilaumu, ni malighafi nzuri kwa mdundo. Majaji nao waambiwe kwamba mtindo wa nchi ndogo unastahili kusikilizwa kwa subira ileile wanayoipa Paris.

Mtoto aliyezaliwa Denmark mwaka 1998 alifikisha miaka 23 mwaka 2021 bila kuwahi, hadi Mei ya mwaka huo, kuiona nchi yake ikisimama Eurovision na kuimba wimbo mzima kwa lugha anayoizungumza mezani na mama yake. Shirika linalolipiwa na umma lina wajibu kwa mtoto huyo, na wajibu huo haupimwi kwa pointi. Na hata tukipima kwa pointi tu, kuanzia 1999 hadi 2019 Denmark ilipeleka nyimbo ishirini ambazo karibu zote zilikuwa za Kiingereza kitupu. Mbili zilishinda na nne hazikuiona fainali. Tangu 1999 hadi 2021 Kidenmaki kilijaribiwa mara moja, kikakosa fainali kwa nafasi moja.